Likizo ya Uzazi ya Nelius Igoki

Jumanne ya pili ya Septemba 1998, mwendo wa saa nne asubuhi, Nelius Igoki alikuwa akianika nepi nyuma ya jikoni kwao Karurumo, wakati kadi ya harusi ya watu wa Maua ilipotokea kwenye kamba. Nepi zilikuwa saba, na kadi ilizienea zote. Ua la pembeni lilikuwa kwenye nepi ya kwanza, jina la bwana harusi kwenye ya pili na ya tatu, jina la bibi harusi kwenye ya nne, kisha kanisa, kisha tarehe. Nepi ya mwisho, ambayo ilikuwa bado inadondosha maji, ilibeba sanduku la zana: penseli, brashi, kifutio, na kile kiganja kidogo cha kusogezea vitu.

Nelius aliitazama kwa jicho la mtu wa kazi. Alijua papo hapo kwamba ilikuwa imeshikwa na Stephen, mwenzake wa kiwandani, kwa sababu jina la bibi harusi lilikuwa limepangwa kwa herufi nene nyeusi zenye ncha, zile walizokuwa wakizitumia kwenye mabango ya kutangaza mkutano wa kukemea mapepo. Akajipangusa mkono kwenye leso, akaigusa nepi ya nne kwa kidole, herufi zikalegea zikawa za heshima. Akalivuta ua kidogo kushoto. Mshale mdogo mweupe ulikifuata kidole chake kama nzi aliyemzoea mtu. Alipomaliza, kadi ilitoweka, naye akaendelea kuanika.

Mtoto wake alikuwa na siku kumi na mbili. Likizo yake pia ilikuwa na siku kumi na mbili.

Likizo hiyo alikuwa amepewa kwa roho safi. Bwana Kithaka, mwenye kiwanda kidogo cha kuchapa mjini Embu, hakuwa mtu wa kuvunja sheria. Sheria ilisema mwanamke akijifungua apewe miezi miwili. Ilisema vilevile kwamba akishaichukua hiyo miezi miwili, likizo yake ya kawaida ya mwaka huo aisahau, maana atakuwa keshapumzika. Bwana Kithaka aliisoma sehemu hiyo ya pili kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote, ambao walikuwa wanne, kisha akampa Nelius mkono na kumtakia mapumziko mema.

Shida ilikuwa moja. Kiwanda kilikuwa na kompyuta, ambayo Bwana Kithaka aliichukua kwa wazungu wa mradi fulani wa maji waliokuwa wanafunga mizigo kurudi kwao, na mtu wa pekee aliyeweza kuchora nayo alikuwa Nelius. Kabla ya hapo Nelius alikuwa mwandishi wa mabango Runyenjes. Ng'ombe aliowachora kwenye kuta za mabucha walikuwa wakimtazama mteja machoni mpaka anaona haya kununua robo kilo. Kompyuta alijifundisha mwenyewe, mchana wa saa ya chakula, wenzake wakiwa wameenda kula. Ndani ya mwaka mmoja kadi, bango na kalenda zote zilizotoka kwa Kithaka zilikuwa za mkono wake, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, ziliandikwa: Mchoro na Kithaka.

Bwana Kithaka naye alikuwa na udhaifu mmoja, nao ni kwamba hakuweza kukipita kitu cha bure bila kukiokota. Nyumbani kwake kulikuwa na kalamu za benki ambazo hakuwa na akaunti, sampuli za mbolea ingawa hakuwa na shamba, na vijitabu vya dini tatu zinazopingana. Mwezi wa Agosti shemeji yake wa Nairobi alimpa gazeti la mambo ya kompyuta ambalo alikuwa amemaliza kulisoma. Kwenye jalada palikuwa pamegandishwa diski. Ndani ya diski mlikuwa na programu ya kumwezesha mtu aiendeshe mashine akiwa mbali nayo, na gazeti lilisema inawafaa sana wasanii wa michoro: mashine ibaki ofisini, msanii akae popote. Ilikuwa ya bure. Bwana Kithaka alilisoma neno "bure" mara tatu, na yale maneno mengine mara moja.

Maelezo yalisema huko mbali sharti kuwe na mashine ya pili na laini ya simu. Karurumo hakukuwa na mashine ya pili. Simu ya karibu na kina Nelius ilikuwa ile ya kibanda, ambayo mkono wake ulishang'olewa, na stima ilikuwa imeahidiwa katika chaguzi mbili mfululizo. Bwana Kithaka aliona hayo ni masharti ya watu wanaopenda gharama. Siku ile ile Nelius alipoondoka, alikitia kile kidiski kwenye mashine. Programu ikauliza msanii yuko wapi. Akaandika kwa kidole kimoja: NELIUS, KARURUMO, NYUMBA YA TATU BAADA YA KANISA. Mashine ikafikiri kwa muda wa kuchemsha chai ya watu wawili, kisha ikasema imempata.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Karurumo watu hawakulifanya jambo kubwa. Mume wake, Ndambiri, ambaye alikuwa akifuga ng'ombe watatu na kupeleka maziwa kwenye ushirika, aliikuta kazi ya ofisi ikiwaka kwenye mlango wa mabati, akauliza kama inakula stima. Nelius akamwambia hakuna stima. "Basi," akasema Ndambiri, akaingia ndani. Lydiah, jirani wa upande wa chini, alikuja kuuliza kama ile kadi ya harusi ya binti yake ya miaka minne iliyopita, ambayo ilikuwa na makosa kwenye tarehe, inaweza kurekebishwa sasa. Nelius akamweleza kwamba faili ilishafutwa. Lydiah alisikitika, akaacha ndizi, akaenda zake.

Mama mkwe, mzee Karwirwa, alikuwa ametoka Nchiru, kwa ndugu zake alikokuwa akiishi tangu awe mjane, kuja kumlisha mzazi. Alileta wimbi la uji na debe la njahi, yale maharagwe meusi ya kumwongezea mzazi maziwa. Mtoto alikuwa amepewa jina lake, kama ilivyo desturi ya huko, na kwa hivyo mzee huyo hakumwita mtoto kwa jina wala hakumwita "mtoto". Alimwita "mimi". Ilikuwa kawaida kumsikia akisema, "Mimi nimelala," akiwa wima anakoroga uji, au "Mimi nimejikojolea," na hakuna aliyefikiri vibaya. Nelius alimwita cucu, yaani bibi, kwa niaba ya mtoto.

Cucu alikuwa na neno moja tu kuhusu kile kitu cha ofisi. Alisema kinapenda vitu safi. Ilikuwa kweli. Kilichagua sehemu bapa, nyeupe, iliyopanguswa vizuri: kitako cha sufuria, gunia la unga lililotandazwa, sahani, karatasi ya dirishani. Jumapili kilimfuata kanisani, kikajitandaza kwenye shati jeupe la mzee Mwongera aliyekuwa ameketi benchi la mbele yake. Lilikuwa bango la harambee ya paa la kanisa lingine. Nelius alilimalizia wakati wa mahubiri. Mzee Mwongera, aliyekuwa ameambiwa kwamba akijitikisa rangi zitaingiliana, alikaa wima ibada nzima, na mhubiri akamsifu mbele ya waumini kwa usikivu.

Mwanzoni ilikuwa kazi moja au mbili kwa siku. Nelius, kusema kweli, hakuichukia. Alikuwa mtu ambaye hawezi kuona mstari umepinda na kuupita, na kulikuwa na siku ambapo, baada ya nepi na uji na nepi, alifurahi kuchagua kati ya kijani mbili. Lakini Bwana Kithaka aligundua kwamba mfanyakazi aliye likizo haendi kula, hasubiri gari, na hana saa kumi na moja ya kufunga. Akaanza kupokea kazi za haraka. Zilikuja programu za mazishi, lebo za asali, vyeti vya chuo cha ushonaji. Halafu, katikati ya Septemba, ikaja kalenda ya 1999 ya chama cha wakulima, miezi kumi na miwili, kila mwezi na picha yake, na mwenyekiti wa chama akitaka aonekane kwenye picha zote kumi na mbili bila kuonekana kama anajipendekeza.

Nelius alianza kula kwa mkono wa kushoto. Mtoto alinyonya huku titi likiyumba, kwa sababu bega la kulia la mama yake lilikuwa Februari, likipunguza tumbo la mwenyekiti.

Mwishoni mwa mwezi alimpeleka kliniki. Muuguzi, Veronicah, mwanamke mpole aliyevaa sweta juu ya yunifomu, alimpima mtoto, akatazama kadi, akampima tena. Mtoto alikuwa na uzito ule ule wa wiki mbili zilizopita. Veronicah akauliza kama mama anakula. Cucu akasema anakula, yeye mwenyewe ndiye anayempikia. Akauliza kama anapumzika. Nelius akamwambia yuko likizo. Wakati huo mwezi wa Mei ulikuwa umejitandaza kwenye kadi ya kliniki, ukafunika mstari wa uzito, na mwenyekiti alikuwa ameshika jembe kwa namna ambayo jembe halishikwi.

"Kadi ya mtoto haichorwi juu," Veronicah akasema.

"Inatoka," Nelius akajibu. Akaligeuza jembe, akahifadhi faili, kadi ikabaki safi.

Veronicah aliandika kwamba mama apumzike, akapiga muhuri.

Nelius alikwenda nyumbani na cheti hicho cha kupumzika, akakitekeleza kadiri ya uwezo wake. Alichukua masizi ya jikoni, akayachanganya na maji na kinyesi cha ng'ombe, akapaka kuta zote. Mlango wa mabati akaupaka lami ambayo Ndambiri aliiweka kwa ajili ya nguzo za zizi. Sufuria aliacha kuzisugua, jambo lililomwuma cucu kuliko yote yaliyotangulia. Nepi zikaanikwa ndani, zikiwa zimekunjwa. Kwa siku mbili nyumba ilikuwa nyeusi kama ndani ya chungu, na ofisi haikupata pa kukaa. Mtoto alinyonya akashiba, akalala, akaamka akanyonya. Nelius alilala mchana mmoja mzima, mikono yote miwili ikiwa yake.

Siku ya tatu, saa tano asubuhi, alikuwa ameketi kwenye kigoda akimnyonyesha mtoto. Katika nyumba nzima kitu cheupe kilikuwa kimoja tu, shati la mtoto, na kalenda ikatokea hapo, mgongoni mwa mtoto, mwezi wa Julai, imekunjamana kwa sababu mtoto alikuwa amejikunja. Nelius hakuigusa. Aliamua kutoigusa hata mshale uzeeke.

Kule Embu, Bwana Kithaka alikuwa amesimama nyuma ya mashine na mwenyekiti wa chama amekaa karibu naye, wanasubiri. Alipoona mshale hausogei, alifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Alikishika kipanya mwenyewe.

Mkono wa kulia wa Nelius ukanyanyuka. Ulikuwa umekishika kichwa cha mtoto, ukakiachilia. Ukamgeuza mtoto akaacha titi, ukamlaza kifudifudi kwenye mapaja, ukamnyoosha miguu, ukalivuta shati lake pande zote nne ili Julai ikae bila mikunjo. Halafu ukaanza kusogeza vitu, vibaya, kwa ile namna ya mtu asiyejua kuchora. Mtoto alilia akitafuta alipokuwa. Nelius aliushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauvuta, haukusikia.

"Nelius," cucu akasema kutoka mekoni, "huo mkono wako unafanya nini?"

"Si mimi, cucu. Ni ofisi."

Cucu aliweka mwiko chini. Akaja, akamchukua mtoto, akamvua lile shati, akamrudishia mkaza mwanawe mtoto akiwa uchi, na shati akalitandaza kwenye kigoda kingine, mkono ukaendelea nalo hapo mpaka mwenyekiti akaridhika. Ilichukua nusu saa. Nelius alimnyonyesha upande wa kushoto, akitazama mkono wake ukiharibu mbingu ya Julai kwa bluu ambayo haipo mbinguni.

Kesho yake alimfunga mtoto mgongoni, akaenda mjini kulalamika.

Alianza kwa afisa mmoja wa serikali ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza wafanyakazi. Afisa alisikiliza. Alikuwa na kitabu cha sheria na kikombe cha chai, akasogeza kimoja akafungua kingine. Akamwuliza kama mwajiri amemwita arudi ofisini. Nelius akasema hapana. Akamwuliza kama ameenda ofisini mwenyewe. Akasema hapana. Afisa alifurahi kwa ajili yake. Alimweleza kwamba sheria inamzuia mwajiri kumleta mzazi kazini, na huyu hakumleta. Kuhusu kazi kwenda kwa mzazi, sheria ilikuwa kimya, naye hakuwa na mamlaka ya kuisemesha. Wakati anaeleza, Septemba ilijitandaza kwenye karatasi nyeupe iliyokuwa mezani pake. Afisa alisogeza kikombe cha chai kumpa Nelius nafasi. Nelius alirekebisha jina la mwezi, ambalo Stephen alikuwa ameliandika kwa herufi mbili za ziada, na afisa akasema, akiwa anaangalia, kwamba kazi ni nzuri, na akauliza kama kalenda hizo zitagawiwa bure.

Kutoka hapo alivuka barabara akaingia kwa Kithaka. Mashine kubwa ya kuchapa ilikuwa inapiga kelele. Stephen alimwona, akamwamkia, kisha akainama kutafuta kitu chini ya meza, akakitafuta muda wote.

Bwana Kithaka alishtuka kweli kweli. Alitoka ofisini kwake akiwa ameinua mikono kama mtu anayezuia ng'ombe asiingie kwenye mahindi.

"Nelius, unataka nipelekwe kortini? Wewe uko likizo. Huruhusiwi kukanyaga hapa."

"Nimekuja kuomba kitu kimoja, Mzee. Uitoe hiyo programu."

"Imekukosea nini?"

"Jana mkono wangu ulimnyang'anya mtoto titi."

"Huo mkono ni wako."

"Kipanya kiko kwako, Mzee."

Bwana Kithaka alifikiri. Hakuwa mtu mbaya, na mbele ya mama mwenye mtoto mgongoni alitaka kuonekana hivyo. Alimwambia kwa upole kwamba ile programu ni ya bure, na kitu cha bure hakina pa kukirudisha. Angemrudishia nani? Tena alimwuliza, kwa haki, kama kuna siku alimlazimisha. Si ni yeye Nelius mwenyewe ambaye akiona kosa hawezi kuliacha? Nelius alikuwa akitazama nyuma ya bega la Bwana Kithaka, ambako kulikuwa na skrini, na kwenye skrini ilikuwa ile mbingu ya Julai, na vidole vilikuwa vinamwasha.

Mwisho walikubaliana. Bwana Kithaka hangekishika kipanya wakati wa kunyonyesha. Ila ili jambo hilo liende kwa utaratibu, Nelius aandike saa za kunyonyesha za wiki nzima, azilete mapema, kila Ijumaa, ili ofisi ijipange. Nelius akasema mtoto wa mwezi mmoja hana saa. Bwana Kithaka akasema hilo sasa ni jambo la nyumbani, yeye hapendi kuingilia nyumba za watu.

Akamsindikiza mpaka mlangoni, akamkumbusha apumzike.

Walijitafutia njia wenyewe. Cucu alilipanga jambo hilo kama alivyokuwa akipanga kazi za shamba. Nguo zote nyeupe za mtoto zilipakwa rangi ya majani ya chai. Jiwe moja kubwa la nje lilisuguliwa, likapakwa chokaa, ili ofisi iwe na mahali pake, na ofisi ikalipenda. Mkono wa kulia ukanyooshwa kwenye jiwe. Upande wa kushoto cucu alikaa na mtoto, akimshikilia kwenye titi kwa mikono yake miwili, akimpokea akishiba na kumrudisha akidai. "Mimi nina njaa," angesema, na Nelius angejisogeza. Mvua za Oktoba zilipoanza, Ndambiri alilijengea jiwe paa la mabati mawili. Mtoto aliongeza uzito. Haikuwa sana, lakini Veronicah aliusogeza mstari wa kadi juu, na mara hii karatasi haikuchorwa. Kalenda ilimalizika kabla ya siku yake. Ilikuwa nzuri. Mbingu ya Julai ilikuwa imerekebishwa, na chini kabisa iliandikwa: Mchoro na Kithaka.

Jumatano ya mwisho ya Oktoba, miezi miwili ikiwa imetimia, Nelius alirudi kazini. Wenzake walimwambia amenawiri kwa kupumzika. Aliketi mbele ya mashine, akaiwasha, na kabla hajafungua kitu chochote programu ilijifungua yenyewe. Kwenye kona ya skrini, dirisha dogo kama kibiriti, ilikuwa nyumba ya tatu baada ya kanisa.

Aliona jiko lake. Aliona kuta nyeusi, moto, miguu ya cucu, na mtoto kwenye mkeka akitazama juu. Alikuwa anatazamwa kutoka upande wa jiwe, maana cucu alikuwa ameuacha mlango wazi. Nelius alikisogeza kipanya. Kule jikoni mshale mweupe ukaingia mlangoni, ukapita juu ya mkeka, ukamfukuza nzi aliyekuwa kwenye jicho la mtoto. Cucu aliinua kichwa, akauona mshale, akautikisia mkono kwa salamu, akaendelea kuchambua njahi.

Nelius alichukua kile kiganja cha kwenye sanduku la zana, akalivuta blanketi likafunika miguu ya mtoto. Kisha akafungua kazi ya siku hiyo, programu ya mazishi ya mwalimu mmoja, akaanza.

Siku tatu zilipita hivyo. Hakuna kazi iliyochelewa. Maziwa yalimtoka saa zile ambazo alimwona mtoto akigeuza kichwa kutafuta, yakalowesha blauzi, naye akajifunika sweta. Kwa kipanya aliweza kumbembeleza mtoto, kumgeuza, kumpangusa mdomo baada ya uji mwepesi aliopewa na cucu kwa kijiko. Mkono wake ulikuwa unafika Karurumo. Lililobaki halikufika.

Siku ya nne Bwana Kithaka alisimama nyuma yake bila kukohoa.

"Hii ni nini?"

"Ni nyumbani, Mzee."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwangu."

Bwana Kithaka alivuta kiti. Alionekana ameumia. Alimwuliza kama hajui kwamba mashine ni ya ofisi, na kwamba kutoka saa mbili mpaka saa kumi na moja macho yake ni ya ofisi, na mikono pia. Alisema mtu hawezi kulea akiwa kazini. Ofisi ni ofisi na nyumba ni nyumba, akasema, kila moja ina saa zake, na nchi hii imerudi nyuma kwa sababu ya watu wanaochanganya hivyo vitu viwili. Nelius alimkumbusha kwa sauti ya chini kuhusu Septemba na Oktoba. Bwana Kithaka akasema hayo yalikuwa maendeleo. Haya ya sasa ni kuiba saa.

Stephen alikuwa ameinama tena chini ya meza.

Programu haikuondolewa, maana hakuna aliyeona sababu ya kutupa kitu cha bure, na zaidi ya hayo Gladys, mpokea simu, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Nelius ndiye angepewa barua ya onyo, ya kuwekwa kwenye faili lake. Bwana Kithaka aliiandika kwa mkono, ukurasa mmoja na nusu. Na kwa kuwa barua rasmi haiwezi kutoka kwenye kiwanda cha kuchapa ikiwa imeandikwa kwa kalamu, na aliyejua kupanga barua alikuwa mmoja tu, alimwekea hiyo karatasi pembeni ya kipanya, akasimama kusubiri.

Nelius aliipiga barua. Alisahihisha tahajia sehemu tatu. Palipoandikwa "mara kwa mara" alitaka kuandika "siku tatu", lakini hakuandika. Aliweka pambizo sawa pande zote, akaacha nafasi ya sahihi, akauliza kama neno ONYO lipigwe mstari au liwe nene. Bwana Kithaka akataka vyote viwili.

Kwenye kona ya skrini mtoto alifungua mdomo. Programu ya bure haikuwa na sauti. Ilibidi Nelius alikuze lile dirisha, mpaka uso wa mtoto ukafunika nusu ya barua, ili ajue kama ni mwayo au ni kilio.

Kilikuwa kilio. Cucu hakuwepo kwenye picha, labda alikuwa amekwenda kuteka maji. Mtoto alikuwa peke yake kwenye mkeka, ngumi juu, uso umemwiva, mdomo umefunguka kabisa, na ofisini kulikuwa na sauti ya mashine kubwa tu.

Bwana Kithaka alinyoosha kidole. Alimwomba aipunguze hiyo picha, imeziba jina lake, la mkurugenzi.

Nelius akaipunguza. Bwana Kithaka akasoma barua yote toka juu hadi chini, akasema imekaa vizuri, achape nakala mbili.

Akachapa nakala mbili.